Mrija wa Friji na Mabibo ya Siku Mbili

Aibu yangu haihitaji kutafutwa. Ukifika Lulindi ukamuulizia Baba Neema utaulizwa, "Yupi, yule wa mrija?" na anayekuuliza ameshaanza kucheka, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wale wanaoongeza chumvi, maana siku hizi kuna wanaosema nilikimbilia kwenye mikorosho, na mimi sikukimbia, ningekimbia vipi na mgambo wawili wamenisimamia.

Nianze na ugonjwa wenyewe. Mimi nakusanya shaba. Si kazi (kazi yangu ni korosho, na Jumapili ni mzee wa kanisa), ni mapenzi tu. Feni ikifa, blenda ikiungua, redio ikinyamaza, watu wa huku wanajua pa kuitupa: barazani kwangu. Nakaa na koleo na bisibisi, nafungua mota, nauvuta ule uzi mwekundu uliosokotwa ndani taratibu usikatike, na nikishapata fundo zima la kujaa kiganja roho yangu inatulia, hata nikitukanwa sisikii. Mama Neema husema wanawake wenzake wanaibiwa waume na wanawake, yeye kaibiwa na mota za feni, na bado hajajua kipi afadhali.

Sasa Jumamosi ile ilikuwa siku ya Neema, binti yetu wa kwanza. Wageni walikuwa wanatoka Chilangala, kule Newala, kuja kumposa, na baba wa kijana anayeposa, Mzee Lihame, ni mtu asiyepoteza maneno. Mwanawe mkubwa alipofuka macho kwa kunywa gongo. Mshenga alitueleza mapema bila kuzunguka kwamba mzee hana masharti mengi, ana moja tu, mwanawe huyu wa pili haoi kwenye nyumba inayopika wala kunywa gongo, akiisikia harufu yake tu anageuza. Shemeji yangu, mjomba wa Neema, akajibu kwa maringo, "Baba wa mtoto ni mzee wa kanisa."

Na ni kweli. Tena wiki hiyo hiyo nilikuwa nimesimama kwenye mkutano wa kitongoji, kidole juu, nikamwambia mwenyekiti kwamba msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, umefika, moshi wa gongo umezidi, sasa akague kila ua unaonuka, bila kujali cheo cha mtu. Nilipigiwa makofi. Niliyafurahia makofi yale, Mungu anisamehe.

Jumamosi asubuhi sikuwa na kazi. Huku kwetu kwenye posa mwenye neno ni mjomba, baba unavaa suruali safi unakaa, na jikoni wanawake walishanifukuza mara mbili. Wageni walitarajiwa saa nane mchana. Ilikuwa saa tatu. Na nyuma ya nyumba nilikuwa na mrija wa shaba nilioutoa kwenye kijifriji kilichotupwa, nimeuzungushia ndoo ukawa duara zuri, tatizo ulikuwa mweusi kwa uchafu. Shaba inang'aa ukiiosha kwa kitu kikali, na siku zote natumia ndimu, lakini tangu Alhamisi ndimu zote Mama Neema alikuwa amezihesabia kuku wa wageni. Basi nikasema si kitu, mabibo nayo yana ukali, tena yanaoza bure chini ya mikorosho. Nikayakamua siku hiyo hiyo ya Alhamisi nikayafunika. Huo ndio uamuzi wangu mdogo. Ndimu tatu tu zingeniokoa.

Maji ya mabibo yalikuwa yameanza kutoa povu. Nikayamimina kwenye sufuria kuukuu, nikaweka juu ya mafiga, nikawasha moto kidogo (yakiwa na joto yanaosha upesi), nikatumbukiza mrija, na kwa kuwa ncha zake mbili hazikutaka kuingia nikazitoa pembeni mwa mfuniko. Nikakaa kwenye kigoda kuchochea.

Hebu tazameni wenyewe. Moto, mabibo yaliyochacha, sufuria iliyofunikwa, mrija wa shaba umechomoza, na mwanamume ameinama anachungulia. Mtoto yeyote wa darasa la pili Masasi nzima angekwambia ule ni mtambo wa gongo. Mimi, mzee mzima, niliona naosha shaba.

Mwenyekiti wa kitongoji akatokea kwenye kona ya nyumba na mgambo wawili.

"Shikamoo, Baba Neema."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akaangalia sufuria, akaangalia chini. "Ulisema tusijali cheo."

"Hii ni ya kuoshea," nikasema.

"Kuoshea nini?"

"Mrija."

"Na mrija wa nini?"

Nikafungua mdomo kueleza habari za kijifriji, na hapo hapo nikasikia gari limesimama mbele ya nyumba na vigelegele vimeanza, kwa sababu wageni walipata lifti ya pikapu tangu Newala wakaamua kuwahi (saa nne asubuhi, jamani, nani anakuja posa saa nne asubuhi). Watu wakiona mgambo hawakai sebuleni. Dakika chache wote walikuwa uani: shemeji, mshenga, kina mama wenye miiko mikononi, na mbele yao Mzee Lihame na viatu vyake vyeusi vilivyong'arishwa. Akavuta hewa mara moja puani.

Nikaanza kueleza. Nilieleza sana. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo, nikachanganya feni na friji na ndimu, na mgambo mmoja akaniuliza kwa upole, kama anavyoulizwa mgonjwa, sasa hivi vyote vinahusiana vipi. Hasira zikanipanda. Nikachukua kikombe, nikachota yale maji, nikasema kwa sauti, "Kama ni pombe, mniue," nikameza.

Jamani. Fikirieni kunyonya ufunguo wenye kutu uliolala kwenye siki. Tumbo halikungoja hata kikombe kifike chini, likarudisha kila kitu, na chai ya asubuhi na mihogo yake, vyote juu ya viatu vya Mzee Lihame.

"Kashalewa," mgambo akasema.

Hapo ndipo nilipomwona Neema. Alikuwa mlangoni mwa jiko na kitenge chake kipya, nywele zimesukwa tangu jana yake. Aliniangalia tu, halafu akaingia ndani akaurudishia mlango polepole. Ya kutapika yatasahaulika, ule mlango sitausahau.

Mzee Lihame alikuwa ameshageuka kuelekea garini. Ndipo watu wakapisha njia na akapita Bibi Somoe, jirani wa nyuma ya ua. Niwaambie wazi Bibi Somoe ni nani: ndiye mpishi wa gongo wa kitongoji kizima, kila mtu anajua na hakuna aliyewahi kumkuta nalo. Mkutanoni kidole changu kilikuwa kinaelekea kwake. Miaka mitatu nilikuwa nikimwona njiani nashika njia nyingine na baiskeli yangu ili nisimsalimie.

Akafunua sufuria, akavuta mrija, akaufuta kwa kanga, akapuliza. Upepo ukatokea katikati, pembeni, na karibu na kidole chake. Akanusa ncha.

"Huyu ntu hapiki," akamwambia mwenyekiti. "Mrija una matundu matatu, mvuke utafika wapi? Na ndani unanuka mafuta ya friji. Haya mabibo ni ya siku mbili. Haya ukiyapika unapata maji ya kuogea."

"Bibi, wewe umejuaje?"

Kila mtu alijua swali lile linakwenda wapi, na yeye alijua kuliko sisi.

"Mimi ndiye ninayepika," akasema.

"Umesema mbele ya mgambo."

"Nimesema. Twendeni mkachukue."

Nikamfuata hatua mbili, nikataka kumshukuru, mdomo bado unanuka. Akanikata. "Sijasema kwa ajili yako, Baba Neema. Wewe hata shikamoo yako siijui ilivyo. Binti yako hunipitia kila asubuhi ananisalimia, na maji ananitekea. Huyo ndiye asiharibiwe siku yake."

Wakaenda naye. Mtambo wake ulichukuliwa mchana ule ule, yeye akaachiwa baada ya siku chache, na mrija wake, nilisikia, haukuwa na tundu hata moja.

Mzee Lihame alikuwa amesimama, mkono kwenye mlango wa pikapu. Akaomba maji, akaosha viatu mwenyewe bila kuruhusu mtu amsaidie, halafu akamwambia mshenga neno moja: "Endelea." Posa ikapokewa. Mimi nilikaa kwenye mkeka wa mwisho karibu na mlango, na hakuna aliyenipitishia maji ya kunawa mpaka shemeji alipokumbuka.

Usiku Mama Neema aliniambia usitukane wakunga na uzazi ungalipo, akageukia ukutani, na hilo ndilo lililokuwa neno la mwisho kwa siku nne. Shaba yote nimeigawa, koleo amelificha, na feni mbovu ikiletwa barazani namrudishia aliyeileta. Sitagusa tena, na mrija ndio kabisa.

Lakini kila asubuhi nikikutana na Bibi Somoe nashuka kwenye baiskeli. "Shikamoo, Bibi." Siku nyingine anaitika. Siku nyingine ananitazama tu, ananiacha nimesimama katikati ya njia na watu wanapita, na mimi nasimama hapo mpaka atakapopenda.