Ruthu na Pipa la Gundi

Ruthu Chilongani alikuja kiwandani kwetu Kizota na shahada yake ya kemia, na desturi ya kumsalimia kila mtu, kuanzia mlinzi mpaka sisi tuliokuwa tukijaza rangi kwenye makopo. Kwao ni Mpwapwa. Alikuwa mwembamba, mpole, na hakupenda kabisa kukaa ofisini.

Kiwanda ni cha Bwana Imtiaz. Baba yake alikuwa akiuza rangi za watu wengine dukani mjini. Yeye akataka kupika mwenyewe ile gundi inayofanya rangi ishike na kukauka. Gundi hiyo hupikwa kwa mafuta ya alizeti ndani ya pipa kubwa la chuma, kwa moto mkali kuliko wa kukaangia maandazi. Ukizima mapema, rangi haikauki. Ukichelewa, gundi inaganda humohumo ndani kama raba, na hakuna cha kuiyeyusha.

Kazi ya Ruthu ilikuwa kujua saa ya kuzima. Alipewa kifaa cha kumsaidia, kisanduku kinachopeleka mwanga ndani ya gundi inayochemka na kusoma unavyobadilika kadiri gundi inavyoiva.

"Hili ni jicho, mzee wangu," alimwambia Batholomeo, mpishi wa pipa. "Ila halivumilii. Likipata joto linakosea, likitikiswa linaona visivyokuwepo."

Mwanzoni kisanduku kilifungwa ubavuni mwa pipa, na mota ya kukorogea ikakitetemesha kutwa. Ruthu akakihamishia chumba cha pili na kukiunganisha na pipa kwa waya wa faiba, kama ule wa intaneti, mwanga uende na kurudi huku chenyewe kikiwa mbali na moto. Akakilaza juu ya bamba zito la jiwe, na chini ya bamba akapanga tyubu za pikipiki zenye upepo kidogo, ili mtetemo wa sakafu uishie humo. Ncha ya waya iliyoingia kwenye pipa akaivisha bomba dogo linalozungusha maji baridi.

Namba zikatulia. Kwa muda mrefu tulipika vizuri, na Ruthu alikuwa akipita kwetu kupima ukavu wa rangi kwa kidole, anacheka.

Kisha kiwanja cha jirani kikachukuliwa na watu wa kokoto. Walisimika mashine ya kusaga mawe karibu na ukuta wetu. Mtetemo wake haukuwa kama wa mota yetu. Ulikuja chini kwa chini, mzito, wa polepole, na zile tyubu badala ya kuuzuia zikawa zinaubembeza na kuuzidisha. Ruthu akazitoa. Mota yetu ikaanza kumsumbua upya. Akazirudisha.

Alimfuata msimamizi wa kule, kijana anayeitwa Denis.

"Kaka, naomba tu mniambie mnapumzika saa ngapi. Nitapika saa hizo."

Denis alimsikiliza kwa adabu. "Dada, hatupumziki. Mji unajengwa, malori yanapanga foleni hapo nje. Mimi mwenyewe nimeajiriwa tu."

Ruthu akaenda ofisi inayohusika na viwanja. Wakamjibu kwamba eneo ni la viwanda, na mwenye kokoto ana kibali kama sisi tulivyo nacho. Walikuwa sahihi.

Ikaingia Oktoba, mabati ya chumba cha kisanduku yakawaka kwa jua. Akiwasha feni, feni inatikisa kisanduku. Akiizima, kisanduku kinachemka. Kiyoyozi kilifungwa, lakini mota ya pipa ikiwashwa umeme ulishindwa kubeba vyote, swichi kuu ikajizima. Nilimkuta siku moja amesimama mlangoni, mkono kwenye swichi ya feni, haiwashi wala hatoki.

Kwa kuogopa kuchelewa, akaanza kuzima mapema. Rangi yetu ikapelekwa shule moja Kondoa, wakapaka madawati, na watoto wakainuka na rangi kwenye sare. Mwalimu mkuu alipiga simu mwenyewe. Ruthu alimsikiliza mpaka mwisho, akaomba radhi, kisha akakaa chini palepale sakafuni.

Katika upishi uliofuata aliamua kusubiri. Namba zilipanda, zikashuka, zikapanda tena. Kule ng'ambo mawe yalikuwa yakiunguruma.

"Madam, nizime?" Batholomeo aliita.

"Sijui, mzee. Sijui kama ni gundi au ni ile mashine. Hebu chota kidogo."

Batholomeo alichota, akasubiri tone lipoe juu ya kioo, akalivuta kwa kidole. "Mimi naona bado."

Kabla hajamaliza kufuta kidole, sauti ya mota ilibadilika. Ikavuta kwa taabu, ikakwama. Batholomeo akakata moto, Ruthu akakimbilia maji ya kupoza, lakini walikuwa wamechelewa. Ndani ya pipa gundi ilikuwa imekamata chuma cha kukorogea kama mti ulioota humo.

Vijana walijaribu kuibandua kwa patasi, wakakata tamaa. Bwana Imtiaz alikuja, akalizunguka pipa, akavua miwani.

"Si kosa lako, Ruthu."

"Najua, bosi," alisema. "Lingekuwa langu ningerekebisha."

Pipa lilikatwa, likauzwa chuma chakavu. Siku hizi gundi inaletwa tayari kutoka Dar es Salaam. Batholomeo amerudi kwao Kibaigwa kulima. Ruthu hakufukuzwa, anachanganya rangi za wateja, krimu na kijani cha geti, kazi ambayo yeyote kati yetu angeweza kufunzwa. Ameomba kazi kwingine mara kadhaa, hajaitwa. Wateja wa zamani wakiuliza kwa nini tuliacha kupika wenyewe, ananitazama ili nijibu mimi, nami huwaambia ilishindikana.