Betri Yangu Juu ya Jiko

Madereva mnaokunywa chai hapa, someni karatasi hii kabla hamjampelekea Fundi Ambokile gari.

Leo asubuhi ameipika betri yangu.

Sitanii. Ameipika!

Lori langu kuukuu lilikataa kuwaka hapa Mbeya, nami nina ndizi za watu za kufikisha Iringa kabla hazijaoza. Nikamwambia, "Fundi, betri haina moto. Itie moto." Kila dereva husema hivyo akitaka betri ijazwe umeme, au siyo? Nikaja hapa kunywa chai.

Narudi, nakuta betri iko juu ya jiko la mkaa. Lami inayoiziba juu imeyeyuka, inachuruzika kama asali, na tindikali inanuka mpaka barabarani.

"Fundi, unafanya nini?"

Hana hata haya. "Betri za tochi si tunazianika juani? Leo ukungu huu, jua liko wapi? Umesema moto, bwana. Moto ndio huo."

Watu wakacheka. Wakanicheka mimi!

Na huyu ndiye anayejigamba kwamba alitengeneza magari ya jeshi vitani.

Kilichoniuma zaidi, nilipofunua boneti nilikuta mkanda wa dainamo umelegea. Dainamo isipozunguka, betri itapata wapi moto? Betri yenyewe ilikuwa nzima. Ilikuwa kazi ya kukaza nati moja tu, kisha kulisukuma lori liwake.

Penseli nimeifunga kwa uzi hapa chini. Andikeni, mjinga ni mimi au yeye?

Na spana ya kukazia nati hiyo alikuwa nayo mkononi.

Anachochea nayo mkaa.