Mwaka Jakaranda Zilipokataa

Mwaka juzi, mwezi wa kumi, nilizikasirikia jakaranda za Nakuru kwa sababu zilikataa kuchanua. Kila asubuhi nilipita chini yake nikienda sokoni, nikatazama juu, nikaona matawi makavu na mawingu basi. Nilikasirika kweli. Huo ndio mwezi ninaoungoja kuliko yote, na mtu anayeishi kwa kazi ya rangi hawezi kuibiwa mwezi mzima akanyamaza.

Mimi hufuma mazulia ya manyoya ya kondoo. Nyumba yangu iko Free Area, na nyuma yake kuna banda la mabati ambamo kitanda changu cha kufumia kimesimama, mbao nne nzito ambazo mume wangu alizipigilia misumari kabla hajatutoka. Manyoya hunifikia kutoka Molo yakiwa yamekwisha kusokotwa na akina mama wa huko. Rangi napika mwenyewe, na ya dukani siitaki hata kwa zawadi. Maganda ya vitunguu hunipa rangi ya chungwa lililoiva, kokwa za avokado hunipa waridi hafifu, na yale magugu ya maua ya manjano yanayojaa kwenye mashamba yaliyoachwa, yanayonuka mpaka ng'ombe huyapita, hunipa manjano ambayo sijaiona kwenye kopo lolote. Kwetu magugu hayo tunayaita mabangi. Siku moja askari kando ya barabara aliniuliza nimebeba nini kwenye gunia, nami nikamjibu ukweli bila kufikiri. Ilibidi nimwage gunia zima mbele ya wapita njia ndipo aniamini.

Sichori kitu kabla ya kufuma. Zulia langu huanzia chini na kupanda juu pamoja na mwaka. Kila wiki hutoka nikatembea mpaka kitu fulani kinishike, na kitu hicho ndicho huwa ukanda wa wiki hiyo. Januari huwa vumbi linaloshuka kutoka mlima Menengai. Mvua ndefu zikianza huwa weusi wa udongo wa kwetu, juu ya Sachangwan, ambako mama yangu alilima viazi mpaka mwisho wake. Viazi vikitoa maua, naweka mistari myembamba myeupe. Nimewahi kufuma karoti zilizooshwa kando ya barabara, kutu inayoteremka kwenye mabati ya jirani, na sweta za wanafunzi zilizoanikwa kwenye ua siku ya Jumamosi. Wageni huniuliza mbona sifumi flamingo wa ziwani. Flamingo wana watu wao wa kuwafuma, na ni wengi mno. Mimi nataka kitu ambacho mtu alikipita asubuhi bila kukitazama, halafu akikute sakafuni kwake jioni ashtuke.

Zambarau ya jakaranda sijawahi kuipata. Ukiyachemsha maua yake hutoa maji ya rangi ya chai iliyolala. Nimejaribu na shabu ya kukaza rangi, nimejaribu na magadi, nimejaribu na majivu, na kila mwaka naambulia chai. Lakini kuitafuta ndiko kulikonitoa kitandani kila mwezi wa kumi, hata mwaka ule wa kwanza wa ujane ambapo sikuona sababu nyingine ya kuamka.

Ndiyo maana asubuhi moja nilifika sokoni nikiwa nimefura. Kuna mama muuza vitunguu ambaye huniwekea maganda kwenye mfuko.

"Mwaka huu miti imetunyima," nikamwambia. "Hakuna hata ua moja."

Akacheka. "Imenyima nani, mathe? Hata hapo umesimama, si umeyakanyaga maua!"

Niliinama nikachota. Maua yalikuwa mkononi mwangu, laini, yamelowa umande, na machoni pangu yalikuwa na rangi ya simiti. Nilijifanya nimecheka, nikachukua maganda yangu, nikarudi nyumbani.

Kwa muda mrefu kabla ya hapo nilikuwa nimewaambia watu kwamba miaka imekonda. Nilisema mvua zimevurugika, udongo umechoka, hata manyoya ya Molo si yale ya zamani. Nilizungumza hivyo kanisani, na wazee wakatikisa vichwa na kuniunga mkono, kwa maana hakuna mzee anayekataa kwamba mambo yameharibika. Nilipokaa bandani kutwa nzima bila wazo hata moja, nililaumu majira. Kumbe majira yalikuwa mazima, na mgonjwa nilikuwa mimi.

Daktari wa macho niliyemwendea alikuwa kijana mpole. Aliniuliza sukari nimekaa nayo miaka mingapi, nikamwambia, naye akanimulika kila jicho kwa muda mrefu.

"Mama, sukari imeharibu mishipa ya nyuma ya jicho," akasema. "Tutajaribu kuzuia uharibifu usikimbie."

"Na nuru ile imeenda?"

"Ile imeenda, imeenda."

Hujafa hujaumbika, wahenga walisema, na mimi niliumbwa upya kwenye kiti kile. Katikati ya kila kitu ninachokitazama kuna doa, na kuzunguka doa hilo rangi zimefifia. Kinachobaki kiko pembeni, nacho lazima nikiibie. Nikitaka kuona kitu huinamisha kichwa kama kuku anayemtazama mwewe.

Waliokuja kunifariji walinichosha kuliko ugonjwa. Mmoja aliniambia Mungu akifunga mlango hufungua mwingine. Nikamuuliza huo mwingine uko upande gani ili niupapase. Mwingine aliniambia vidole vitajifunza kuona, na huyo nilimsikiliza, kwa sababu nilitamani sana iwe kweli. Nilikaa bandani nimefumba macho nikipapasa mafungu ya uzi. Vidole vyangu vinajua sufu ya kondoo mzee na ya mwana-kondoo, vinajua uzi uliosokotwa na mtu mwenye haraka. Manjano havijui. Kwa vidole, manjano na nyeusi ni kitu kimoja, na mtu akikuambia vinginevyo hajawahi kufanya kazi ya rangi.

Binti yangu ni mmoja tu. Anafanya kazi ya ofisini huko Naivasha na huja nyumbani wikendi. Krismasi ile alinieleza kwamba kuna kijana, na kwamba watu wa kijana wangekuja kwetu mwezi wa nane, mambo ya ruracio, yaani ya mahari, yaanze. Nilimwambia nitamfumia zulia la mwaka wake, kuanzia Januari mpaka siku hiyo, na kwamba mbele ya wageni atasimama juu yake. Sikuomba kupona. Nilitaka tu kulimaliza nikiwa bado naliona, na kumwona yeye akiwa amesimama juu yake. Baada ya hapo giza lingekuja na mizigo yake, ningelifungulia mlango.

Januari nilitandika nyuzi za wima na kuanza na vumbi. Vumbi lilikuwa rahisi, kwa kuwa dunia yangu yote ilikuwa na rangi hiyo. Halafu nikatoka kutafuta wiki ya pili, na hakuna kilichonishika. Nilitembea mpaka miguu ikavimba. Watu walinisalimia nikawajibu bila kuwajua. Nilipita kwenye marundo ya nyanya nikiyajua kwa harufu tu, nikarudi mikono mitupu. Wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo.

Nikampigia binti yangu simu. "Niambie unaona nini huko nje ya dirisha."

"Mum, naona tu greenhouse na parking."

"Parking ina rangi gani?"

"Ya parking," akasema, tukacheka wote wawili. Nilipokata simu nililia kwa muda mrefu mpaka hata paka akaondoka.

Basi nikaanza kufuma nilivyokumbuka. Mvua zilichelewa mwaka ule lakini kwenye zulia langu zilifika kwa wakati, kwa sababu zilikuwa mvua za mama yangu, za miaka ambayo mimi nilikuwa msichana wa kubeba mbegu za viazi. Zulia lilipanda. Nililichukia. Kila ukanda ulikuwa kitu nilichokwisha kukifuma zamani kwa macho mazima, na sasa nilikuwa najiiga mwenyewe, tena vibaya. Nilikuwa mwanamke aliyezoea kupewa na kila kichaka, na sasa vichaka vilinipita kimya. Nilijiuliza kama niliwahi kuwa na kipaji, au nilikuwa na macho tu, na watu wakaniheshimu kwa macho.

Mwezi wa sita mabangi yalichanua. Hayo sikuhitaji kuyaona, yananuka kutoka ng'ambo ya barabara. Niliyakata kwa mikono yangu kwenye ploti tupu nyuma ya kwetu, nikajaza magunia, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nikahisi kitu kimenishika. Nilikusudia ukanda mpana wa manjano, mpana kuliko wowote niliowahi kuuweka, kwenye zulia, pale binti yangu atakapokanyaga.

Sufuria yangu kubwa ya rangi ilikuwa imetoboka. Nilikwenda nyuma ya banda nikachukua debe, nikalisugua, nikachemsha maua humo, nikatia sufu. Uzi ukiwa umelowa huwezi kuhukumu rangi, lakini ulipokauka niliuinua kwenye mlango na nikaona manjano. Naapa niliiona. Nikafuma siku baada ya siku nikiimba.

Jumamosi binti yangu alikuja, akaingia bandani, akaushika ukanda.

"Mum, hii ni ile ya mabangi?"

"Si unaona vile inawaka?"

"Inawaka," akasema, kisha akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Binti huyu ndiye aliyekuwa mkosoaji wangu tangu akiwa na meno ya maziwa. Ndiye aliyewahi kuniambia zulia fulani linafanana na matapishi, na lilikuwa linafanana nayo kweli. Siku hiyo hakukosoa kitu. Alipoondoka nilichukua fungu la uzi uliobaki, nikasimama nalo kwenye jua la mchana katikati ya ua, nikainamisha kichwa, nikaliibia kwa pembe ya jicho. Lilikuwa kijani cha matope, kile cha maji ya dimbwi yaliyonywewa na ng'ombe. Nikalirudia debe, nikapitisha kidole ndani, nikakuta kutu kila mahali. Mtoto anayejifunza kazi hii hufundishwa siku ya kwanza kwamba chuma kikigusa manjano, manjano haipo tena. Mimi ndiye huwafundisha.

Ningeweza kufumua. Lakini kufumua kunataka macho kuliko kufuma, na mwezi wa nane ulikuwa mlangoni. Kilichoniuma zaidi hakikuwa rangi. Kiliniuma kwamba mtoto wangu alikuwa ameanza kunidanganya kwa huruma, na kwamba kuanzia siku hiyo kila atakaloniambia kuhusu kitu chochote duniani nitalazimika kulipima. Nililimaliza zulia bila kumwambia najua.

Wageni walikuja kwenye shamba la mama yangu, juu ya Sachangwan, siku ya baridi yenye ukungu. Kaka yangu alikuwa amesimamisha mahema, na moshi wa nyama ulitambaa chini kwa chini. Kama ilivyo desturi, binti aliingizwa uani pamoja na wenzake, wote wamefunikwa leso kutoka kichwani, na bwana harusi akaambiwa amtafute wake. Akikosea analipa faini, na watu hupenda sana akosee. Alitembea mbele yao polepole, akarudi, akainama akatazama chini, kisha akamshika mmoja mkono. Leso ikavuliwa. Vigelegele vikapasua ukungu.

"Umejuaje?" wanawake wakamuuliza.

"Vidole vya miguu," akasema, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Wenzake nao walivua leso, wakamzunguka kumkumbatia. Wote walikuwa wameshona kitambaa kimoja na kusuka nywele mtindo mmoja. Kaka yangu akatangaza kwamba sasa mama ana jambo lake. Niliinuka na zulia begani, nikaona kundi likinifungulia njia, na mbele yangu akasimama msichana mwenye kimo chake na shingo yake. Nikalikunjua zulia miguuni pake. Nikamshika mabega nikamwambia maneno niliyokuwa nimeyatunza tangu Januari, kwamba huu ndio mwaka wako mwanangu, usimame juu yake bila kuogopa.

Msichana hakusogea. Alikuwa rafiki wa binti yangu, aliyesoma naye sekondari.

Watu walicheka, na kwa nguvu kuliko walivyomcheka bwana harusi. Walidhani ni sehemu ya mchezo, kwamba mama mkwe naye ameamua kuwachezea wageni, na mtu fulani akapiga kelele kwamba mama atozwe faini. Nikacheka nao, ningefanya nini. Kijana wa watu alimjua kwa vidole vya miguu huku amefunikwa gubigubi. Mimi niliyemzaa nilimpita uso ukiwa wazi.

Kisha mkono ukanishika kiwiko, na sauti ambayo haikuwa ikicheka ikasema karibu na sikio langu, taratibu, kwa adabu ambayo mtu huitumia kwa mgeni: "Mum, ni mimi."