Kiti cha Katikati

Mwaka 2017 kampuni ya mume wangu ilimtuma Japani kwa mkutano. Mimi sikuwa nimepangiwa kwenda, kwa sababu tarehe hizo ningekuwa na mimba kubwa. Mtoto akaja mapema mno, akiwa amefariki. Sababu ya mimi kubaki Johannesburg ikawa haipo tena, kwa hivyo nikakatiwa tiketi.

Kabla ya safari nilikwenda mtaa wa Hillbrow kusukwa nywele. Msusi wangu, Mkongo ambaye kwake kila mwanamke ni mama, alinisuka bila kunitazama kwenye kioo. "Pole, mama," akasema. "Mungu atakupatia ingine." Nikamjibu nimeshapoa. Majuma yale kila mtu alinipa pole na wote niliwajibu hivyo, wala sikuwa nadanganya. Nilikuwa nimepoa kama chai iliyosahaulika mezani. Nyumbani mume wangu akiniuliza, "Uko poa?" nasema niko poa. Nami sikumuuliza yeye yukoje.

Mkutano ulipokwisha tulibaki na siku kadhaa na pasi za watalii, zile zinazokuruhusu kupanda treni za kasi utakavyo. Basi tukazipanda. Asubuhi tunakwenda mji fulani, tunakula, tunarudi. Sisi wa Johannesburg tuna treni ya uwanja wa ndege tunayojidai kuiita ya kasi. Baada ya hizi niliionea huruma. Mashamba ya mpunga yalipita dirishani kabla hujaamua kuyatazama, na hilo lilinifaa. Hata mlima wao maarufu, ambao abiria wote waliinua simu kuupiga picha, niliuona nikawaza: sawa, mlima.

Kilichoniudhi ni viti. Kila safu ilikuwa na viti vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili. Mume wangu ndiye aliyekwenda kwenye dirisha la tiketi, na kila mara alirudi na nafasi za upande wa vitatu: mimi dirishani, yeye pembeni mwa njia, na kiti kitupu katikati yetu. Ng'ambo ya njia, vile viwili viwili vilikuwa wazi tele. Nikajiambia mtu huyu hataki hata bega langu limguse. Nilitaka kukasirika nikakosa nguvu, nikaweka mkoba wangu pale katikati.

Siku moja treni ikajaa. Mwanamume wa makamo mwenye suti akaja na tiketi ya kiti kile, akainama kidogo, nikaondoa mkoba, akaketi. Akafungua kisanduku chake cha chakula na kuanza kula, taratibu, bila kutugusa viwiko. Tukaenda hivyo, mke huku na mume kule, na mgeni katikati akila samaki. Hapo hasira iliyokuwa imenigomea ikaja yenyewe.

"Kwani wewe huwezi kuomba viti viwili?" nikasema kwa Kiswahili, juu ya chakula cha watu.

Mume wangu aliangalia mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake. "Siwezi."

"Kwa nini?"

"Vile viwili ni vya watu wasio na mtoto."

Alisema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayetaja bei. Kisha mdomo ukaanza kumtetemeka, akauziba kwa kiganja, na mabega yakafuata. Sikuwa nimemwona akilia, hata hospitalini. Nilikuwa nimedhani msiba ule ni wangu peke yangu.

Yule mwanamume akafunika kisanduku chake. Hakujua neno letu hata moja, lakini macho alikuwa nayo. Akainuka nusu, akanionyesha kiti chake, akamwonyesha mume wangu, kwamba tusogeleane, yeye atahamia pembeni.

Mume wangu akatikisa kichwa. Mimi nikamshika mgeni mkono wa koti na kumvuta chini taratibu, mpaka akaketi tena palepale, katikati yetu.