Waya Ulioishia Dirishani

Jirani yangu Simiyu alikuwa mtu wa kunikera. Ukimsalimia asubuhi anakujibu akiwa amekwisha kukupita. Akikubebea gunia la viazi, analitua mlangoni na kuondoka kabla hujasema asante. Lakini hapa kwenye ploti yetu ya Njiru sijaona mwanamume aliyemhangaikia mama mkwe kama yeye, na ndiyo maana kisa hiki kinaniuma hadi leo.

Mama mkwe huyo, Mama Asenath, aliletwa kutoka Kimilili, pumu imemkondesha. Daktari alisema apate mashine ndogo ya mvuke, ile unayovaa barakoa yake ukavuta dawa iliyogeuka moshi. Mashine inataka umeme, na sisi tulikuwa gizani tangu transfoma ya mtaa iungue. Bahati nzuri, Simiyu alikuwa na paneli ya sola ya kukunja na betri ya kubeba, ambazo alizitumia kuchajia watu simu jioni akitoka kwenye kiwanda cha magodoro.

Sasa mgonjwa alale wapi? Kwao Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawashikani mikono wala hawatazamani usoni, sembuse kulala chini ya bati moja. Hata sisi Wajaluo tuna mambo hayo. Simiyu na mkewe Lorine wana chumba kimoja tu, kwa hiyo nikampa mama chumba changu cha pili, ng'ambo ya ua.

Shida ni kwamba upande wangu haupati jua tangu lile ghorofa jipya lisimame. Paneli ikabidi ikae juu ya bati la Simiyu. Betri nayo ilitakiwa ikae kwa mgonjwa mchana na usiku, kwani pumu haipigi hodi. Katikati kulikuwa na ua mzima wa kuvukwa na waya.

Waya wa kwanza aliununua mrefu na mwembamba, kama wa spika za redio. Jua liliwaka kutwa, lakini jioni betri haikuwa imefika hata nusu. Simiyu aliukunja, na kesho yake akaenda Eastleigh kwenye duka la Jama. Nami nilikuwa na shughuli zangu huko, tukafuatana.

Jama alimweleza kwamba waya mwembamba ukiwa mrefu, nguvu nyingi inapotelea njiani. Achukue mnene, wenye ngozi ya mpira isiyopasuliwa na jua, na vichwa vinavyojifunga visichomoke watoto wakiuvuta. Simiyu aliugeuza kila waya, akaunusa, akavuta vichwa kwa nguvu zake zote. Miguu iliniuma hadi nikatamani kumwacha hapo.

"Boss, si uweke betri karibu na paneli?" Jama akamuuliza. "Waya fupi ndiyo mzuri."

"Mgonjwa ni mathe wa bibi yangu," Simiyu akasema.

Jama akaelewa. Alimshauri tu aongeze mita chache, lakini Simiyu akakataa kabisa. Urefu ulikwisha kumuumiza mara moja. Alikuwa amepima kwa kamba, kutoka bati lake hadi dirisha langu, na hakutaka hata shubiri ya ziada.

Alipima akiwa nje, maana ndani hangeingia. Na kitanda hakikuwa dirishani. Siku ile ya kwanza mama alituomba sisi wanawake tukisukume hadi ukuta wa mbali, ili mkwe wake akipita uani asiuone uso wake. Hakuna aliyemwambia Simiyu. Nani angekaa na mwanamume kuzungumza habari za kitanda cha mama mkwe wake?

Waya ulifanya kazi vizuri sana. Saa sita betri imejaa. Ila uliishia dirishani, betri ikakaa hapo juu ya meza, maana tuliogopa kuichomoa, na mashine kando yake kwa kuwa kamba yake ni fupi. Mama alijikokota mwenyewe hadi mezani, akishika kiti. Lorine akasema Jumamosi atanunua ekstensheni ndogo ya kufikisha umeme kitandani.

"Mwambie baba nimepumua vizuri leo," mama alikuwa akinituma. Nami nampelekea Simiyu, naye anaitikia kwa kichwa na kuondoka, lakini nilimwona akitabasamu.

Alhamisi hiyo Simiyu hakuchaguliwa kibaruani, akarudi nyumbani. Lorine alikuwa kwenye saluni Umoja, mimi kibandani kwangu barabarani nikikata mboga za sukuma. Simiyu alisikia kitu kikianguka chumbani kwa mama. Aliita, akasikia pumzi ikipiga mluzi, akafungua mlango.

Mama alikuwa sakafuni kando ya kitanda. Alipomwona mkwe wake alivuta leso akajifunika uso wote, akageukia ukutani, akipunga mkono kumwambia atoke.

"Mama, nipe ruhusa," Simiyu akasema. Mama akaikaza leso.

Simiyu akaona kwamba akiendelea kusimama pale mama hatajifunua, na akiwa amejifunika hatapumua. Akatoka, akakimbia kutafuta mwanamke.

Niliacha kisu na sukuma nikamfuata mbio. Leso ilikuwa bado usoni. Niliiondoa, nikauchomoa waya, nikaisogeza meza, nikamvalisha barakoa na kuwasha. Mashine ilinguruma, moshi ukajaa, betri haikupungua hata kidogo. Hapakuwa na pumzi ya kuuvuta. Nikalia kama mtoto, na Simiyu akasikia kutoka nje.

Tulimpeleka Kimilili. Baada ya mazishi, mjomba wa Lorine, Mzee Wakoli, alisimama mbele ya watu akamshukuru Simiyu. Alisema mkwe huyu hakumvunjia mama heshima hata siku ya mwisho, na vijana wajifunze kwake. Watu wakapiga makofi. Lorine aliinamisha kichwa.

Simiyu aliinuka, akazunguka nyuma ya jiko. Nilimfuata, maana hakuna mwingine aliyeinuka. Nilimkuta amechuchumaa, mikono kichwani.

"Mama Sylvance," aliniambia, "alikuwa hapo tu. Ningembeba hadi mezani."

Nilichuchumaa kando yake. Mbele ya nyumba walikuwa bado wakimsifu.