Mpira Uliobanwa na Betri

Kenga alikuwa fundi wa masikio. Ukimpelekea injini hagusi spana kwanza. Huinamisha kichwa, akafumba jicho moja, akasikiliza, kisha akatoa hukumu kama kadhi. Zamani alifanya kazi kwenye matagi, boti za kuvuta meli bandarini, na tangu aachane nayo riziki yake ilikuwa boti za watu na hizi jeti ski, pikipiki za majini ambazo matajiri wa Kizingo wanazipenda kuliko wanavyozielewa. Mara nyingi alipatia. Hilo ndilo lililomharibu, maana alisifiwa mpaka akaona kufungua kiti na kuchungulia ndani ni kazi ya mafundi wa kubahatisha.

Jeti ski ya Jamaldin, mmoja wa matajiri hao, ilianza kusita Ramadhani ilipoingia. Ikishushwa majini pale Tudor iliondoka vizuri, lakini ikishaenda kidogo, ukifinya mafuta inakohoa, inajivuta, inataka kuzima. Ikijazwa petroli inapona, halafu baada ya muda inarudia yale yale. Aliyekuwa akiiosha na kuijaza mafuta ni Sheikhan, jirani yake Kenga wa ukuta kwa ukuta huko Mji wa Kale. Tena kazi hiyo ni Kenga mwenyewe aliyemtafutia.

Siku ya ubishi, wageni wa Jamaldin walikuwa wameshavaa majaketi yao ya kuelea wanangoja. Kenga akasikiliza injini, akafumba jicho lake.

"Petroli hii ina maji," akasema. "Mtu ameichezea."

Macho yote yakamwendea Sheikhan.

"Sikutia kitu miye," Sheikhan akasema.

"Basi apa. Si umefunga? Apa, tukusikie."

Kenga aliijua vizuri tabia ya mwenzake. Sheikhan hakuwa mtu wa kulitaja jina la Mungu ovyo. Hata sokoni, akibishana bei ya samaki, hakuapa. Alijua, na bado alisema, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama na ulimi ulikuwa umeshatangulia.

"Siapi kwa sababu ya petroli, Kenga," Sheikhan akajibu taratibu.

Kwa Jamaldin hilo lilitosha. Alinyoosha mkono, akadai funguo, na Sheikhan akaondoka na kandambili zake bila kugeuka nyuma.

Kwa siku kadhaa Jamaldin akawa ananunua petroli mwenyewe, safi, kituoni. Kila mara jeti ski ilipona kidogo, kisha ikasita vilevile. Hapo ndipo Kenga alipofungua kiti, shingo upande, akatazama kwa macho. Mpira mwembamba unaopitisha hewa kuingia kwenye tangi ulikuwa umelaliwa na betri, umebanwa bapa. Tangi halikuwa likipumua. Mafuta yakishuka kidogo, injini hunyonya isipate kitu. Kila Sheikhan alipofungua kifuniko kujaza petroli, hewa iliingia, mashine ikapona kwa muda. Na betri ile aliiweka nani? Yeye Kenga, muda si mrefu kabla ya mfungo, akiwa na haraka zake.

Akaunyanyua mpira. Tangi likavuta pumzi, fyuu. Alipoijaribu, jeti ski iliruka juu ya maji kama haijawahi kuugua.

"Umeona?" Jamaldin akamwambia, amefurahi. "Yalikuwa mabaki ya mafuta ya yule bwana. Afadhali tulimtoa."

"Huenda," Kenga akasema.

Neno moja tu, na lilimuwasha njia nzima mpaka nyumbani. Mtu mzima na mvi zake, aliona haya hata kupita barazani kwa wauza kahawa. Jua lilipotua, mlango wake ukagongwa kama kila siku ya Ramadhani: sahani ya futari kutoka kwa Swafia, mke wa Sheikhan, viazi vya nazi na kaimati, imefunikwa kitambaa. Kenga ni Mkristo, hafungi, lakini sahani hiyo haikuwahi kumkosa. Safari hii aliitazama mpaka ikapoa. Alidhani wanamsuta kwa wema, na akaona amestahili.

Asubuhi akampigia Jamaldin, akamweleza yote bila kujitetea. "Nishamweka mtu mwingine, Kenga," Jamaldin akasema. "Na wewe usije tena." Simu ikakatika.

Kabla ya magharibi akapiga hodi kwa Sheikhan. Alipofunguliwa alianza palepale kizingitini. "Ndugu yangu, ni mimi. Mpira niliubana kwa mkono wangu, nikakusingizia mbele ya watu. Nimempigia Jamaldin, nimemwambia, lakini kazi ameshampa mwingine. Nakuomba radhi."

"Sema polepole," Sheikhan akamnong'oneza, akatazama nyuma yake. "Swafia hayuwi kwamba sina kazi. Kila asubuhi natoka, naketi msikitini Makadara hata jioni."

"Kwa nini usimwambie?"

"Nimwambie alonisingizia ni nani? Ni weye, Kenga. Angekukatia sahani, na mimi sikutaka ufike hapo."

"Ni nani hapo? Kaka Kenga?" Sauti ya Swafia ikatoka ndani, ya furaha. "Mbona mwasimama mlangoni? Ndoo, ingia ndani, leo ufuturu nasi!"

Sheikhan akamshika mkono, akamwingiza. Adhana ikalia. Swafia akawawekea tende na uji, akamsogezea Kenga bakuli kubwa zaidi, maana ndiye mgeni.

"Nawe umwambie mwenzio," akasema huku akiteka uji. "Siku hizi yuwarudi amechoka, hata kusema hasemi. Nyinyi mwaonana huko kazini, mwambie apumzike."

Kenga alishika bakuli kwa mikono miwili. Hakuweza kumtazama Sheikhan.

"Nitamwambia, shemeji," akasema.