Sufuria Iliyodondosha Maji Kapsoit

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyoitwa mwizi mbele ya soko zima la Kapsoit. Nilikuwa msichana tu, nimeolewa juzi, nimetoka Nyeri kumfuata mume wangu aliyekuwa na duka la vyombo pale. Unaniona leo nimetulia na kikombe changu cha chai, unadhani nilizaliwa hivi. Wacha nikwambie.

Mama Cherono, mke wa mzee wa kanisa, aliingia na sufuria aliyoinunua kwetu. Kijana wake alikuwa amemletea jiko la gesi, na gesi wakati huo ilikuwa kitu kigeni kwa mtu aliyezoea kuni maisha yake yote. Akasema kila asubuhi akiijaza maji ya kisima na kuibandika, sufuria inadondosha maji chini mpaka moto unalia chwii. Ati tunawauzia wenyeji vyombo vilivyotoboka huku tukijua. Watu wakaanza kujaa mlangoni.

Mume wangu, Mungu ailaze roho yake pema, hakupenda kelele. Alinivuta kando akaninong'oneza kwamba tumpe nyingine yaishe, sisi ni wageni hapa. Alishaanza hata kuifunga kwa gazeti. Nikamwambia hapana. Tukimpa nyingine tumekubali kwamba tunaiba, na kesho nani ataingia katika duka hili? Damu ilikuwa inanichemka, sikufichi.

Nikajaza ile sufuria maji nikaiweka juu ya kaunta kavu. Tukangoja. Hakuna hata tone. Mama Cherono akacheka, akasema inavuja ikipata moto, yeye si mjinga. Basi nikawasha mtungi wetu mdogo wa gesi, ule tuliopikia chai, nikaibandika. Na kweli, mwanangu, sufuria ikadondosha maji. Kila mtu aliona. Mmoja akapiga mluzi. Mume wangu akatazama chini.

Hapo wengi wangeomba msamaha. Mimi nilizidi kukasirika, kwa sababu kama ina tundu, mbona juu ya kaunta ilikaa kavu? Nikavuka barabara hadi kwa jirani mwenye hoteli, nikamwomba sufuria yake kuukuu aliyopikia maharagwe miaka nenda miaka rudi. Hiyo haikutoka dukani kwetu, na hakuna aliyewahi kusema inavuja. Nikarudi nayo, nikaijaza maji baridi, nikaibandika.

Ikatoa maji vilevile. Matone yalijikusanya chini yake, yakadondoka motoni, na chuma kilipopata joto yakakoma yenyewe.

Nikamgeukia Mama Cherono. Nikauliza kwa sauti, "Mama, na hii pia niliitoboa mimi?"

Baadaye sana mwalimu mmoja wa sekondari, mteja wetu, alinieleza. Gesi ya kupikia ina haidrojeni ndani yake. Ikiungua, ile haidrojeni inashikana na oksijeni iliyo kwenye hewa hii tunayovuta, na zikishikana zinakuwa maji. Maji hayo yanapanda na moto yakiwa mvuke usioonekana, na mvuke ukigusa chuma baridi unageuka matone. Hata kuni hutoa maji hayo, ila katikati ya moshi na masizi nani atayaona? Nilicheka mpaka machozi. Kumbe moto wenyewe ndio uliokuwa unatengeneza maji, na nusura utufungie duka! Lakini siku ile sikujua lolote kati ya hayo. Nilijua tu kwamba sijaiba.

Mama Cherono alichukua sufuria yake akaenda zake. Hakuniomba radhi, hata leo hajaniomba, na kanisani tunasalimiana vizuri tu. Sikumngoja aniombe ndipo niendelee kuishi Kapsoit. Wale waliojaa mlangoni ndio walioingia kununua.

Kwa hivyo usinijie na habari ya kukubali kosa lisilo lako ili watu wanyamaze. Watakuambia unyenyekee, wewe ni mgeni, wewe ni mdogo, wewe ni mwanamke. Nimeambiwa yote hayo na bado niko hapa. Ukikosa, omba msamaha upesi, wala usijitetee. Kama hukukosa, simama palepale, na jambo lenyewe uliweke mbele ya watu walitazame, hata kama wewe mwenyewe bado huelewi kwa nini liko hivyo. Kusema hujui hakuna aibu. Lakini usikubali uongo eti kwa sababu umechoka kutazamwa, maana ukiukubali mara moja watakuzika nao.

Mungu akupe shingo isiyoinamia uongo, mwanangu. Akubariki katika kazi ya mikono yako, na yeyote atakayekuja kukuita mwizi akukute umesimama mlangoni.